Mwongozo kamili: kuchagua hedifoni za bei ya juu zenye sauti ya joto na giza, kwa sisi ambao trebo inatuchoma

Kuna watu, na mimi nimo, wakisikiliza muziki kwa hedifoni nusu saa tu wanaanza kukunja uso, wanapunguza sauti, wanapandisha tena, mwisho wanazivua wakidhani wamechoka na muziki kumbe muziki hauna shida, shida ni ile sauti nyembamba ya juu, yaani trebo, inayochoma masikio. Mi nlikaa hivyo karibu miaka miwili. Nlikuwa nimenunua pea ya bei mbaya kweli, iliyosifiwa kila mahali kwamba inaonyesha kila kitu kwenye rekodi, na sikuwa na ujasiri wa kukubali kwamba hela yote ile imeenda kwenye kitu kinachoniumiza kichwa.

Kilichonifungua macho ni muziki wa dansi wa zamani. Napenda sana rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 70, nyingi tunazozipata leo zimepitia kaseti mara mbili tatu kabla ya kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo kuna mvumo wa tepu nyuma, gitaa la solo limekaa juu, halafu tarumbeta zikiingia mbili kwa pamoja zinakata kama bati. Kwenye hedifoni zile nlikuwa nafumba macho tarumbeta zikikaribia. Siku rafiki yangu akaniwekea kichwani hedifoni yake ya Sennheiser HD 650, wimbo uleule, nikasikia besi gitaa linatembea chini ya wimbo, sauti za waimbaji wawili zimesimama bega kwa bega, na tarumbeta zipo palepale ila hazichomi. Tukasikiliza mpaka saa sita usiku. Sasa naandika haya kwa mtu ambaye yuko pale nlipokuwa mimi, ana hela ameiweka, hataki kukosea.

Hatua ya 1: Tenganisha joto na giza

Watu wanayataja pamoja kama kitu kimoja lakini ni vitu viwili, na ukivichanganya utanunua kitu sicho. Sikio la binadamu linasikia kuanzia kama 20 Hz mpaka 20,000 Hz ukiwa kijana (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa mingi sauti ni nyembamba zaidi). Chini ya 250 Hz hivi ndo kwenye besi na ngoma. Kutoka hapo mpaka 2,000 Hz ndo mwili wa sauti ya mtu, gitaa, kinanda. Kati ya 2,000 na 5,000 Hz ndo sikio lina wepesi kuliko kote, lile tundu lenyewe la sikio linaongeza sauti kwenye eneo la 3,000 Hz, ndo maana mtoto akilia unashtuka hata ukiwa chumba kingine. Juu yake, 5,000 mpaka 10,000, ndo kuna "s" na "sh" za mwimbaji, matoazi, na mchakacho wa manyanga.

Joto ni pale besi ya juu na mid ya chini (mid ni zile sauti za katikati), tuseme 80 mpaka 300 Hz, imeinuliwa kidogo, kwa hiyo sauti inakuwa nene, ina nyama. Giza ni pale kuanzia 2,000 kwenda juu imeshushwa, kwa hiyo ukali umepungua. Hedifoni inaweza kuwa na kimoja bila kingine. Meze 99 Classics kwa mfano, zile za mbao zinazotoka Romania, zina joto la wazi kabisa kwenye besi lakini trebo yake haijazimwa. Audeze LCD-2 ni kinyume, besi yake imenyooka mpaka chini kabisa bila kuvimba, ila eneo la mid ya juu limeshushwa, hiyo ni giza halisi. Mtu anayeumizwa na "s" akinunua hedifoni yenye joto tu, bado ataumia, sasa hivi akiwa na besi nyingi juu yake.

Hatua ya 2: Kabla hujatoa hata shilingi, jipime wiki mbili na ulichonacho

Hatua hii watu wanairuka na ndo muhimu kuliko zote. Chukua hedifoni yoyote unayotumia sasa, weka programu ya ekwalaiza, ile ya kuinua au kushusha sehemu moja ya sauti, kwenye Android kuna Wavelet, kwenye kompyuta ya Windows kuna Equalizer APO, zote bure kuanza nazo. Halafu fanya jaribio moja moja, usifanye yote kwa mpigo.

Siku nne za kwanza shusha 2,000 mpaka 4,000 Hz kwa desibeli 3, basi, usiguse kingine. Siku nne zinazofuata rudisha hapo sawa, shusha 6,000 mpaka 9,000 kwa desibeli 4. Halafu siku nne nyingine rudisha juu kote sawa, inua 80 mpaka 300 Hz hivi kwa desibeli 3 au 4, ila ukiinua kitu kumbuka kushusha sauti ya jumla ya programu kwa kiasi hichohicho, la sivyo sauti inapasuka na utaisingizia hedifoni. Siku zinazobaki rudia ile uliyoipenda.

Andika kila siku umesikiliza dakika ngapi kabla ya kuzivua. Usiandike "imependeza", andika dakika. Mimi kilichoniongezea muda kilikuwa kushusha 6,000 mpaka 9,000, nlitoka dakika 40 nikafika saa mbili na nusu, besi haikubadilisha chochote. Kumbe nlikuwa natafuta giza, wala sikuhitaji joto jingi. Mwingine atakuta kinyume, kwamba anachokosa ni nyama tu kwenye sauti na trebo haina tatizo naye, huyo aende kwenye joto. Na mtu wa umri mkubwa awe mwangalifu, kadiri umri unavyoenda masikio yanapoteza sauti za juu zaidi, kwa hiyo mzee wa miaka 60 anaweza akanunua hedifoni ya giza kwa kusikia sifa tu akajikuta haelewi maneno.

Hatua ya 3: Jifunze kutofautisha giza zuri na sauti iliyozibwa

Giza zuri linapunguza ukali, habari zote zinabaki. Sauti iliyozibwa imepoteza habari, kama mtu anaongea akiwa ndani ya blanketi. Dukani dakika tano za kwanza zote mbili zinafanana, ndo mtego ulipo.

Kipimo changu ni Kiswahili chenyewe. Tafuta rekodi ya mtu anayesoma vizuri, mtangazaji wa taarifa ya habari au shairi linaloghanwa, usikilize maneno yenye "th", "dh", "s", "z" na "sh". Kitu kinachotenganisha herufi hizi kiko huko juu kwenye 4,000 mpaka 9,000 Hz, palepale hedifoni ya giza inapokata. Kama msomaji akisema "thelathini" na wewe huna uhakika amesema "thelathini" au "selasini", hedifoni hiyo imekata mno. Kama "dhambi" inageuka "zambi" wakati unajua msomaji anatamka vizuri, hivyo hivyo. Halafu upande wa pili, neno kama "usisahau" au "sisi sasa", zile "s" zisikuchome, zipite kama mtu anayeongea mbele yako mezani. Hedifoni ikipita yote mawili, "thelathini" iko wazi na "sisi sasa" haichomi, hiyo imekaa sawa.

Upande wa muziki tumia taarab yenye okestra. Fidla nne tano zikipiga pamoja juu, qanuni inadonoa, akodiani katikati na besi chini. Kwenye hedifoni iliyozibwa qanuni inapotea ndani ya fidla, unasikia uji tu. Kwenye giza zuri unasikia kucha inagusa uzi wa qanuni, kidogo sana, lakini ipo.

Hatua ya 4: Kichwa chako, joto la hewa, na unachovaa

Hili utalikuta limeandikwa kwa mstari mmoja sehemu nyingi, lakini kwa anayeishi Dar, Mombasa au Muscat ni jambo la kuamua kabisa. Kuna hedifoni za kufungwa na za wazi. Za wazi zina tundu nyuma, hewa inapita, masikio hayaloi jasho, ila jirani anasikia unachosikiliza na wewe unasikia feni. Hedifoni nyingi za giza zinazosifiwa ni za wazi. Kama unasikiliza kwenye daladala au ofisi ya watu kumi usizinunue kabisa.

Padi za ngozi zinaziba vizuri na zinaongeza besi, ila ndani ya saa moja Februari ya Dar jasho linatiririka. Padi za kitambaa laini kama za HD 650 zinapumua. Na kuziba kwenyewe ni jambo kubwa, hedifoni ya kufungwa au ya plana (aina yenye utando bapa badala ya koni, nitaieleza Hatua ya 5) ikikosa kuziba vizuri kuzunguka sikio besi inakimbia na ile sauti nene uliyoilipia inageuka nyembamba. Kwa hiyo kama unavaa ushungi, miwani yenye mikono minene, au una rasta au msuko mnene kwenye masikio, jaribu ukiwa umevaa hivyo hivyo kama siku zote, dada yangu alijaribu pea moja ya kufungwa dukani akiwa amesogeza mtandio nyuma ya masikio akaisifu, nyumbani akavaa juu ya mtandio akaona besi haipo, mpaka nlipomweleza sababu.

Uzito nao. HD 650 ina kama gramu 260, unasahau iko kichwani. Meze Empyrean gramu 430 lakini mkanda wake umegawanya mzigo vizuri. LCD-2 inapita nusu kilo, shingo itakwambia baada ya saa moja. Mimi naipenda sauti ya LCD-2 kuliko karibu zote lakini sikuinunua, shingo yangu ilikataa, na hedifoni nzuri isiyovalika hairudishi hela yako.

Hatua ya 5: Majina ya kuanza nayo

Sennheiser HD 650, ilitoka 2003, ukinzani wake wa umeme ni ohmu 300. Joto la wastani, giza la wastani, sauti ya mtu ni tamu kuliko hedifoni nyingi za bei mara tatu yake. Udhaifu wake ni besi ya chini kabisa, inaanza kushuka chini ya kama 60 Hz, kwa hiyo singeli na amapiano zenye ngoma nzito hutazipata zote. Kuna pacha wake HD 6XX aliyeletwa na duka la mtandaoni la Massdrop 2016 kwa dola 199, ni kitu kilekile kwa rangi na waya tofauti, na kwa hela hiyo sijaona cha kukizidi. Ningemshauri mtu yeyote aanze hapa hata kama ana bajeti ya juu, halafu akijua anakosa nini ndo apande.

Audeze LCD-2, za plana kutoka California. Hizi badala ya koni zina utando mwembamba wenye nyaya zilizochapwa juu yake, uko katikati ya sumaku, unasukumwa wote kwa pamoja. Faida yake ni besi inayoshuka mpaka chini bila kuchoka. Giza lake ni la kweli, ukitoka hedifoni kali siku mbili za kwanza utasema zimezibwa, subiri wiki.

ZMF za Chicago, mabakuli ya mbao yanayochongwa, mwili wa sauti mkubwa, joto kweli. Nyingi ni ohmu 300, zinapatana sana na ampu za valvu (vikuza sauti vya taa za kioo kama redio za zamani), nzito kidogo. Hizi ni za mtu aliyekwisha jijua.

Meze Empyrean, 2018, ilianza dola 2,999. Drayva yake, yaani kile kipande kinachotoa sauti, ni ya plana iliyotengenezwa na kampuni ya Rinaro ya Ukraine. Laini, tamu, rahisi kuisukuma hata kwa kifaa kidogo. Bei yake ndo pingamizi langu, kwa kiasi hicho ningetaka "thelathini" iwe wazi zaidi kidogo.

Za kuepuka kama una masikio kama yangu, HD 800 ya kwanza ile ya 2009, Grado nyingi, na Beyerdynamic DT 990. Ni kazi nzuri zote, wenye kuzipenda wana haki, ila zina kilele huko juu na wewe unakikimbia hicho hicho.

Hatua ya 6: Ampu

Hapa hesabu kidogo. HD 650 ukiipa volti 1 inatoa desibeli 103. Ukizidisha volti mara mbili unapata desibeli 6 zaidi, 109. Muziki wa kisasa uliorekodiwa juu, volti 1 ya kile kiwaya kidogo cha kuunganishia hedifoni kwenye simu inatosha kabisa. Lakini zile rekodi za zamani za dansi na taarab ziko chini sana, utafika mwisho wa sauti na bado unataka. Kwa hiyo tafuta DAC ndogo (kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa kusukuma hedifoni) inayotoa volti 2 au zaidi, zipo nyingi za bei ya kawaida. Plana kama LCD-2 zinataka zaidi wati, tafuta inayotoa angalau miliwati 250.

Kuhusu ampu za valvu, watu wanasema zinaleta joto, wengine wanasema ni imani tu. Kuna sababu ya wazi. HD 650 imeandikwa ohmu 300 lakini karibu na 80 mpaka 100 Hz inapanda mpaka kama 500. Ampu ya valvu isiyo na transfoma mara nyingi ina ukinzani mkubwa kwenye toleo, tuseme ohmu 100. Piga hesabu utaona eneo lile la besi linapanda karibu desibeli moja zaidi ya sehemu nyingine. Desibeli moja inasikika, ndo hilo joto wanalolisema. Plana ukinzani wake umenyooka, hata ukiiweka kwenye valvu besi haipandi hivyo, kwa hiyo usinunue ampu ya valvu kwa ajili ya kuipasha LCD-2 joto.

Na tafadhali sana, ukiagiza ampu Marekani hakikisha adapta yake ni ya volti 230. Kule umeme ni 120. Adapta ya 120 ukiichomeka Tanzania au Kenya itaungua, na inaweza kuondoka na ampu yote.

Hatua ya 7: Kusikiliza kabla ya kulipa

Anza na ile ya giza zaidi, maliza na kali zaidi. Ukianza na kali, masikio yanazoea ukali na kila kinachofuata kinaonekana kimezibwa. Sawazisha sauti kati ya pea na pea, iliyo juu kidogo tu huwa inaonekana bora hata kama siyo. Nenda na nyimbo zako, usikubali nyimbo za muuzaji, zimechaguliwa zipendeze kwenye anachouza. Na kaa muda, dakika 20 kwa uchache kwa kila pea, uchovu wa masikio haujitokezi ndani ya dakika tatu.

Onyo moja ambalo nalisema kwa uzito. Hedifoni ya giza haikuambii umeweka sauti juu mno, kwa sababu ule ukali ndo huwa unakufanya upunguze. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Weka sauti yako mwanzoni, kwenye kimya cha chumba, na usiipandishe kila baada ya wimbo.

Hatua ya 8: Kununua, mpya au iliyotumika

Ukiagiza nje weka kwenye hesabu usafiri, ushuru wa forodha na VAT, Tanzania bara 18%, Kenya 16%. Watu wengi wanasahau hili, mzigo unafika hela ya kuutoa haipo.

Zilizotumika zina faida kubwa, hedifoni za aina hii zinadumu na HD 650 karibu kila kipande kinabadilishwa, padi, waya, mkanda. Ila nenda na vitu viwili. Cha kwanza rekodi ya mono, yenye sauti ileile pande zote mbili, sauti ikae katikati ya kichwa kabisa, ikiegemea upande mmoja kuna drayva imechoka. Halafu piga toni inayopanda taratibu kutoka 20 mpaka 200 Hz kwa sauti ya wastani, ukisikia mtetemo au mkwaruzo achana nazo, ingawa mara nyingine ni unywele tu umeingia juu ya drayva, mwombe akufungulie muangalie. Cha pili multimita, fundi redio yeyote anayo, pima ohmu kwenye pini, ncha na shina kwa upande wa kushoto, pete ya katikati na shina kwa upande wa kulia. HD 650 isomeke karibu na 300. Ikisoma 32 hiyo siyo yenyewe hata kama boksi na nembo vimekaa vizuri kiasi gani, mimi kuna duka moja nlionyeshwa boksi safi limefungwa nailoni na bei ya kutamanisha, multimita ikasoma 34, nikamrudishia muuzaji kimya kimya nikaondoka.

Zikishakuwa zako, pwani unyevu ndo adui. Usiziache kwenye stendi dirishani, weka kwenye boksi na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, padi za ngozi zifute jasho kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, la sivyo ukungu unaota kwenye mishono. Padi za kitambaa zikilala, drayva inasogea karibu na sikio na sauti inabadilika taratibu bila wewe kujua. Mi mwaka wa tatu nlikuwa nimeshaanza kutafuta mteja wa HD 650 yangu, nikisema imezibwa, fundi mmoja akaniambia badilisha padi kwanza. Nikabadilisha, jioni ile nikaweka tena zile tarumbeta, na "thelathini" ya mtangazaji ikarudi kuwa thelathini.